Mshale Ulioshuka Siku ya Baraka

Hilary wa Bonga haelewani na mshale wa geji yake ya kupimia mabomba. Mafundi wenzake hupima bomba la gesi mara moja, wakaunganisha mtungi na kwenda zao. Yeye hupima tena asubuhi ileile ya kuwasha jiko, na watu humcheka: fundi gani huyu asiyeiamini kazi yake mwenyewe? Wacheke tu. Miaka sita iliyopita, kule Nakwa, mshale ulishuka kidogo, dalili ya bomba kuvuja, naye akasingizia baridi. Faudhia, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, mpaka leo humsalimia kwa mkono wenye kovu la moto. Humsalimia kwa furaha kabisa, na hilo ndilo linalomuumiza Hilary zaidi.

Jumamosi hiyo alikuwa Nangara, kwenye nyumba mpya ya Mwalimu Xaveria, aitwaye Mama Benedict. Padri angefika saa nne kuibariki nyumba, na Mama Benedict alikuwa ameshatangaza kwa jumuiya nzima kwamba pilau itapikwa kwa jiko la gesi. Hilary alijaza upepo kwenye bomba kwa pampu, mshale ukasimama kwenye thelathini, naye akakaa juu ya ndoo akiukodolea macho.

Baada ya dakika ishirini ulikuwa kwenye ishirini na nane.

"Si ulipima Jumatano ukasema safi?" Mama Benedict aliuliza, kitambaa cha jikoni begani.

"Jumatano ulitulia, Mama Benedict. Leo unashuka."

"Ni ubaridi huo. Tazama wingu lilivyoukalia mlima Kwaraa."

Ni kweli ubaridi unaweza kuushusha mshale, na ni kwa kisingizio hichohicho Faudhia aliungua. Hilary alichukua brashi na povu la sabuni, akapaka kila kiungio, jikoni na nje. Hakuna kiungio kilichotoa mapovu ya upepo unaovuja. Bomba linalovuja mahali pasipoonekana ndilo linaloua watu.

"Kuna mtu amegonga ukuta tangu Jumatano?"

"Nani agonge? Rangi yenyewe haijakauka vizuri."

Nje, gari la Padri liliingia, na akina mama wakaanza wimbo. Mama Benedict alisogea karibu, akashusha sauti. "Fundi, usiniaibishe mbele ya watu. Washa."

"Siwashi. Nitukane ukitaka, lakini siwashi."

Alimwacha amenuna, akalifuata bomba kwa akili yake. Lilitoka kwenye mtungi nyuma ya nyumba, likapita ndani ya lipu kwenye ukuta wa chumba cha mama mkwe wa Mama Benedict, kisha jikoni. Akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Bibi Natalia alikuwa ameketi kitandani na rozari yake, kitambaa cheupe kichwani. Juu ya kichwa chake ulining'inia msalaba wa mti. Chini ya msalaba palikuwa na meza ndogo, na juu yake mshumaa na kiberiti.

"Bibi, msalaba huu ameutundika nani?"

"Mimi mwenyewe, Alhamisi. Nimetoka nao Mbulu. Padri atabariki vipi chumba kisicho na msalaba? Msumari ulinisumbua, ukagoma katikati, lakini niliushinda."

Mama Benedict, aliyekuwa amemfuata fundi mpaka mlangoni, alishika mdomo. Hakuna aliyemuuliza bibi; nani angedhani mkono ule bado unaweza nyundo?

Hilary aliushusha msalaba kwa mikono miwili, akampa mwenyewe. Kisha akaubana msumari kwa koleo na kuuvuta. Upepo wa bombani ulitoka tunduni kwa mluzi mkali, ukipeperusha vumbi la saruji mpaka juu ya mto wa kitanda. Walisikiliza mpaka ukaisha.

"Mshumaa huu," bibi alisema taratibu, "nilitaka niuwashe Padri akiingia."

Hilary alikaa chini sakafuni bila kukaribishwa. Huko uani Mama Benedict alikuwa tayari anawaita akina mama waache kuimba, wakatafute kuni na mafiga.

Bibi Natalia alichukua kiberiti mezani, akamwekea fundi mkononi, akamfumba vidole.

"Kaa nacho wewe," alisema. "Utanirudishia siku utakayoridhika na bomba lako."