Mpiga Debe Aliyenyamaza Mhezi

Nicolaus alikuwa amepiga debe stendi ya Same kwa miaka ishirini na mbili. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam na yanayoteremka kutoka Arusha yote yaliijua sauti yake. "Moshi, Moshi, Arusha! Mama, siti ya dirishani, njoo huku!" Abiria waliolala walizinduka kabla dereva hajakanyaga breki.

Alizaliwa Makanya, mtoto wa saba wa mkata mkonge, katika nyumba ambayo asiyepaza sauti hakuongezewa uji. Alipooa, mkewe Devotha alizoea kuombwa chumvi kwa sauti ya kujaza basi.

"Niko hapahapa, baba Blessing," alikuwa akimjibu. "Na mimi siendi Arusha."

Mwaka jana, mwezi wa sita, sauti ikaanza kukwaruza. Daktari akamwambia aipumzishe wiki mbili. Nicolaus akacheka mpaka akapaliwa. Aipumzishe wapi? Stendi ni kelele, nyumbani kuna watoto wanne, na kanisani yeye ndiye besi ya kwaya.

Mwezi wa saba Gideoni akaja na habari ya safari. Gideoni ni mkata tiketi wa stendi hiyohiyo, mtu wa kupanga mambo mpaka dakika. Rafiki yao Tumainieli, aliyekuwa utingo kabla ya kurudi kwao Mhezi kulima tangawizi, alikuwa anambatiza mwanawe, na alitaka timu yote ya maveterani wa stendi ipande mlimani kusherehekea naye. Gideoni akatuma ratiba kwenye kundi la WhatsApp. Ijumaa, kupanda na mapokezi. Jumamosi asubuhi, matembezi ya msituni; saa nane mchana, mechi ya mpira, sita kwa sita, na maveterani wa Mhezi; jioni, nyama. Jumapili, ubatizo na sherehe. Mbele ya kila kipengele aliandika: "Mshereheshaji, Niko," jina walilozoea kumwita Nicolaus.

Walipanda watu saba ndani ya gari moja la Noah, wakiimba tangu mjini. Kila walipopita kijiji, wenzake walimsukuma dirishani aite abiria, na akina mama waliobeba majani ya ng'ombe walicheka hadi wakatua mizigo. Nicolaus naye alicheka. Alikuwa anawapenda watu hawa. Lakini walipofika Mhezi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, na alipomaliza hotuba ya mapokezi koo lilikuwa linawaka kama amemeza pilipili.

Jumamosi aliamka kabla ya wote. Nje, mama yake Tumainieli, Hedwiga, alikuwa anatoka na jembe begani na kanga mbili kichwani kwa ajili ya baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Wenzako bado wanakoroma."

"Usingizi umekata. Unakwenda wapi?"

"Kufungulia maji. Leo ni zamu yangu. Ukitaka kuja, njoo, lakini mimi asubuhi huwa siongei."

Akamfuata. Juu ya mashamba kulikuwa na ndiva, bwawa dogo la udongo ambamo maji ya mlimani hukusanyika usiku ili asubuhi yateremke kwenye mifereji. Hedwiga alizibua tundu kwa mti mrefu, na maji yakatoka taratibu, yakapita kati ya mawe, yakaingia kwenye maharage. Kisha akakaa kwenye ukingo. Nicolaus akakaa pia.

Mwanzoni alihangaika. Alitaka kuuliza shamba ni ekari ngapi, maharage ni ya aina gani, maji yanachukua muda gani kufika chini. Kila swali lilipofika mdomoni, alimwona mama yule ametulia, anatazama maji, akalimeza. Baada ya muda maswali yenyewe yakaacha kuja. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, jogoo wa mbali akawika, mwingine akamjibu. Nicolaus akagundua kwamba mabega yake yalikuwa yameshuka. Hata hakuwa amejua kwamba siku zote yalikuwa yamepanda.

"Haya," Hedwiga akasema jua lilipochomoza. "Kanywe chai."

Msituni ilikuwa kelele tupu. Wilbard, golikipa wao, alipiga picha kila mti na kutaka kila mtu awemo. Nicolaus alibaki nyuma akisingizia kufunga kamba za kiatu. Akasimama peke yake chini ya miti mirefu yenye ndevu za kijani, akasikia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Ilikuwa kama dakika mbili.

"Nikooo! Njoo uite simba!" Gideoni akapaza sauti kutoka mbele.

"Simba hawako huku," akajibu, na sauti ikatoka nusu.

Saa nane kasoro, watu wakiwa wameshajaa uwanja wa shule, Gideoni alitafuta mtangazaji wake asimwone. Megafoni ilikuwa juu ya kiti, peke yake. Wilbard akakimbia kwa akina Tumainieli, hayupo. Akauliza njiani, akaelekezwa shambani.

Nicolaus alikuwa amelala chali kwenye majani kando ya ndiva, kofia usoni, viatu pembeni. Hedwiga alikuwa karibu naye akipalilia.

"Mama, shikamoo, tunamhitaji huyu," Wilbard akasema. "Mechi inaanza."

"Anacheza namba ngapi?"

"Hachezi. Anatangaza."

"Basi mpira utachezwa. Mwacheni. Huyu hakukosa usingizi wa jana tu, anaonekana ana deni la usingizi la miaka."

Wilbard akamtazama rafiki yake. Tangu wafahamiane hakuwahi kumwona amefumba mdomo muda mrefu hivyo. Akarudi kwa kunyata.

Mechi ikachezwa. Bila mtangazaji, akina mama wa Mhezi walinyang'anyana megafoni, kila mmoja akitangaza mume wake tu hata mpira ukiwa upande wa pili. Stendi wakafungwa matatu kwa moja, na watu walicheka kuliko walivyocheka siku nyingi.

Jioni Gideoni alimkuta Nicolaus anaosha uso kwenye mfereji.

"Umeniangusha, Niko."

"Najua. Nisamehe." Akajifuta. "Gideoni, nimechoka kuwa redio. Nawapenda, nataka kuwa na ninyi. Lakini naomba niwe nimekaa tu, kama mtu."

 Gideoni akakaa juu ya jiwe, ghafla akaonekana mzee.

"Unajua mimi sijalala vizuri tangu Jumatano?" akasema. "Naogopa watu wachoke na safari, waseme Gideoni ametuleta kukaa bure. Ndiyo maana nimejaza kila saa."

"Sasa tumechoka kwa sababu umejaza kila saa."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Nicolaus alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na hilo likamchekesha Gideoni zaidi.

Jumapili mtoto alibatizwa, akalia kwa nguvu hadi mchungaji akatabasamu. Makande yakaliwa, na nyama, na chai ya tangawizi. Ratiba ilisema saa tisa ni hotuba za wageni. Gideoni akasimama, akakohoa, watu wakajiandaa kupiga makofi.

"Wageni wanashukuru sana," akasema. "Hotuba imekwisha. Sasa tunaomba ruhusa tukalale."

Tumainieli akawapeleka kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, mahali penye majani mafupi na jua la kutosha. Wanaume saba wakajilaza kwa mstari, matumbo yamejaa, makoti yamekunjwa chini ya vichwa. Hakuna aliyepiga picha. Chini kabisa, mbali, tambarare ilionekana ya rangi ya kahawia, na barabara kuu kama uzi, na basi dogo kama punje ya mchele likielekea Moshi.

"Linakwenda na siti tupu, hilo," Wilbard akanong'ona.

Nicolaus akajifunika kofia usoni. Gideoni alikuwa ameshaanza kukoroma, mdomo wazi, simu imemtoka mkononi na kuteleza kwenye majani, na hakuna aliyejisumbua kuiokota.