Siku Nilipomlisha Mama Kabla ya Picha

Nakumbuka asubuhi ile nilipomtoa mama kijijini kwetu Nkwenda kumpeleka hospitali, macho yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka kuzurura Uganda. Daktari alitaka altrasaundi, picha ya tumbo, ionyeshe kama mrija wa nyongo umeziba. Kama umeziba, apasuliwe upesi, la sivyo tungempoteza. Aje bila kula, alisisitiza. Lakini mwanangu, kwetu mtu haanzi safari na njaa, sembuse mgonjwa. Nikamlisha ndizi na maharage.

Mpiga picha, mama wa makamo, akauliza kama amekula.

"Hapana," nikajibu haraka.

Akapitisha kifaa tumboni, akasita. "Kijana, kifuko cha nyongo kimesinyaa kama soksi. Chakula kikiingia, kinajikamua. Na gesi imenifunikia mrija, sioni kitu. Alikula nini?"

"Ndizi," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nilikataa, huyu akanikazania."

"Umenidanganya mimi, anayeumia ni yeye. Rudini kesho. Na wewe usimkaribie na sahani."

Mchana kutwa homa ilimpanda, nami nikimpepea huku najua kosa ni langu.

Kesho yake mrija ulionekana umevimba, jiwe limekaa chini. Mama alipasuliwa, akapona, akapalilia migomba yake miaka mingi. Nilimfuata yule mpiga picha kuomba radhi, nikaishia kumuuliza maswali mpaka akasema, "Wewe shule uliachia nini?"

Tangu hapo sijaacha kuuliza. Mwaka juzi nilimsindikiza mpwa wangu anayeishi Bugene, ana tatizo lilelile, hadi hospitali kubwa. Mashine ya sumaku ilichora mirija yote, hadi vijitawi vya ndani ya ini, bila sindano. Nyongo yenyewe ndiyo inayong'aa kwenye picha. Jiwe likatolewa kwa kamera iliyopitia mdomoni, tumbo halikuguswa na kisu. Mimi wa darasa la tano nilimweleza kila hatua, daktari akasikiliza mlangoni, akasema, "Mzee yuko sahihi." Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Mwanangu, mashine zimesonga mbele sana, lakini bado mgonjwa anaulizwa kama amekula. Sema ukweli, hata ukikuaibisha. Usilolielewa uliza palepale, usiogope koti jeupe. Mungu akulindie mama yako, na wewe akupe umri wa kuona mashine ambazo mimi sitaziona.