Ukuta Mweusi Ulionifanya Marehemu

Msinicheke. Juzi, mke wangu akiwa sokoni, nilikipaka rangi upya chumba chetu kiwe cha kisasa, kisicho na makorokoro: upande wa dirisha mweupe pe, upande wa kulala mweusi tii. Kitanda, kabati na viti nikavitoa barazani, godoro nikalilaza chini. Nikajifunika shuka hadi kichwani nionje utulivu, usingizi ukanipitia.

Kwetu Tabora, vyombo vikitolewa nje namna ile, watu wanajua kuna msiba. Majirani wakaja na kuni. Mama mkwe, aliyekuwa anakuja kututembelea, akaingia chumbani akilia: "Baba, umemwachia nani mwanangu?"

Nikainuka na shuka langu. "Shikamoo, mama."

Kilio kikakatika. Akautazama ukuta mweusi, akanitazama mimi.

"Marahaba. Haya, toka ukawaambie mwenyewe kwamba hujafa."