Mistari Mia Nne Kutoka Mutsamudu

Wivu wa Mdahoma ulianza siku alipomsikia Latoifa akicheka.

Mdahoma alikuwa mpokeaji wa redio katika ofisi moja ya meli mjini Moroni, na Latoifa alikuwa msomaji wa upande wa pili, Mutsamudu, kisiwa kingine kabisa. Kwa miaka kumi na miwili walizungumza kila siku ya kazi bila kuonana uso kwa uso. Aliijua sauti yake akiwa na mafua, aliijua akiwa amefunga. Kicheko chake hakuwahi kukisikia, na siku kilipotoka hakikutoka kwa ajili yake. Latoifa alikuwa akicheka redioni na Fakri, mpokeaji mpya.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Meli kubwa zilitia nanga Mutsamudu, penye kina, kisha mizigo ya Moroni ikaletwa na vyombo vidogo. Lakini hakuna chombo kilichoruhusiwa kuondoka mpaka orodha ya shehena iwe imeshafika Moroni kwa redio, na orodha ya mistari mia nne si mchezo. Tena kuanzia saa sita mchana masafa ya redio hayakuwa yao. Wale mamluki wa kizungu waliokuwa wakilinda ikulu waliyataka wao, na hakuna aliyethubutu kuuliza ya nini. Usipomaliza kabla ya hapo, chombo kinalala, na watu wanangoja mchele wao.

Mdahoma alikuwa na njia yake. Latoifa asome mstari mmoja, yeye aurudie neno kwa neno, Latoifa aseme sawa, ndipo waende wa pili. Orodha moja ilikula siku tatu, na yeye akaiita kasi hiyo uaminifu.

Akaja Fakri, kijana wa miaka thelathini, wa Ikoni kama Mdahoma mwenyewe. Kabla mwezi haujaandama, orodha nzima ikawa inaingia asubuhi moja. Latoifa alisoma mistari ishirini mfululizo bila kukatizwa, kisha akataja jumla ya vifurushi vyake. Fakri naye alijumlisha alichoandika. Hesabu zikilingana, wanaendelea. Zikipishana, wanarudia ishirini hiyo tu, nyingine haziguswi. Ofisi nzima ikaimba: njia ya Fakri, njia ya Fakri! Hata mkewe Mdahoma, Zoubeida, alimwuliza siku moja akimpakulia chakula kama ni kweli kijana yule ana akili kiasi hicho. Mdahoma aliacha sahani na wali wake. Hasidi hana sababu, lakini huyu alijiona anazo gunia zima.

Kisha mkurugenzi, Bwana Tadjidine, akatangaza kwamba kiti cha mkuu wa chumba cha redio ki wazi, naye atamteua mtu baada ya meli ya Alhamisi. Mdahoma alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na Fakri asikipate alitaka zaidi.

Sasa, Ikoni ina mambo yake. Mwanamume aliyekwisha kufanya ile ndoa kubwa ya kulisha mji mzima ndiye mtu mzima. Asiyeifanya, hata awe na mvi, ni mtoto wa mji: hasemi mbele ya wakubwa uwanjani, na wakimtuma hakatai, maana anayekataa hutengwa. Mdahoma alikwisha kuifanya. Fakri bado. Na Alhamisi hiyohiyo palikuwa na harusi.

Jumatano jioni Mdahoma alisimama katikati ya uwanja, kashida, ile shali ya wakubwa, begani, akasema kwa sauti ya upole: "Ng'ombe wa kesho wanataka mtu makini. Mimi naona Fakri awasimamie, tangu kuchinja mpaka sufuria ya mwisho."

Wakubwa wakaitikia. Fakri aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, Baba."

Alhamisi saa mbili Mdahoma alikuwa peke yake kwenye redio, raha imemjaa. Latoifa akaanza kumwaga ishirini yake ya kwanza.

"Simama!" alifoka. "Mstari kwa mstari."

Kufikia saa nne walikuwa mstari wa sitini na tatu.

"Fundi, hatufiki," alisema Latoifa. "Chombo kimeshapakia. Nikusomee ishirini ishirini."

"Hiyo ni njia ya Fakri. Mimi si mwanafunzi wa Fakri."

Redio ilikwaruza kidogo.

"Njia ya Fakri?" Latoifa alisema. "Fakri nilimfundisha mimi, wiki ya kwanza alipokaa hapo. Wewe nilikuambia mara tatu, Fundi. Mara ya kwanza ule mwaka wa kimbunga. Ukanijibu: Latoifa, kazi yako kusoma."

Mdahoma alikumbuka. Aliona aibu, uso ukamwaka japo chumbani humo hamna mtu. Lakini chini ya aibu kulichomoza furaha, na tusimfichie: kumbe haikuwa ya Fakri!

"Soma ishirini," akasema.

Akasoma. Ishirini ya tano hesabu zilipishana kwa kifurushi kimoja, wakairudia, wakasonga. Saa sita kasoro dakika saba orodha ilikuwa mezani, kamili.

Bwana Tadjidine aliingia, akatazama saa, akampiga bega. "Naona njia ya Fakri imekuingia hata wewe."

Angenyamaza, kiti kingekuwa chake. Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini sifa ile kwenda kwa Fakri, na yeye anajua asili yake, hakuweza kuivumilia.

"Si ya Fakri!" alisema. "Hana alichobuni. Ni ya Latoifa wa Mutsamudu, miaka yote hii. Mwulize mwenyewe."

Mkurugenzi alimwuliza Latoifa mwenyewe. Jumamosi alimwuliza na Fakri, aliyerudi kazini na mkono umeungua kwa mafuta, naye akakiri bila kinyongo. Mdahoma alitembea siku mbili kama mtu wa Idi.

Jumatatu asubuhi Bwana Tadjidine alimpa barua fupi aisome kwenye redio. Mdahoma alibonyeza, akaanza kusoma kwa sauti ya kazi, na akafika katikati ndipo akaelewa anachosoma: Latoifa ahamie Moroni kabla ya mwisho wa mwezi, awe mkuu wa chumba cha redio, juu ya wapokeaji wote wawili.

Alimaliza, kwa kuwa barua ya mkurugenzi haiachwi njiani. Kisha Latoifa akauliza, taratibu, kama anayeulizia hali ya mgonjwa:

"Fundi, hicho kiti cha mkuu kinatazama dirisha au kinakutazama wewe?"

Mdahoma alikigeukia kile kiti kitupu, akakiangalia.

"Kinanitazama mimi," alijibu.