Siku Niliyobebwa Kariakoo Nikiwa Hai

Haya, wa kwanza kucheka niwe mimi mwenyewe, maana habari hii mmeisikia juujuu kwa watu na kila mmoja ameitia chumvi yake. Ni kweli, mimi Zuhura binti Shomari niliwahi kubebwa jenezani mchana kweupe katikati ya Kariakoo nikiwa mzima wa afya, nimeshakunywa chai yangu na muhogo, na aibu niliyoipata siku ile haijaisha, mpaka leo nikikatiza Mtaa wa Sikukuu natembea haraka kama mtu anayefukuzwa.

Zama zile za Ujamaa nilikuwa binti mbichi kabisa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na kitambaa ndiyo usiseme. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, amekuja mjini kutoka Kilwa akiwa kijana, cherehani yake iko barazani hapo hapo Sikukuu, na kwa kuwa vitambaa vipya vilikuwa adimu alishinda akigeuza kola za mashati ya watu. Mama alishatangulia mbele ya haki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na lile sanduku lake la vifungo ambalo nililichukia kuliko kitu chochote duniani, kwa sababu kushona vifungo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kwenye picha za sinema niliingia kwa sababu ya panya. Nilikuwa kwenye foleni ya sukari, panya akanipanda mguuni, nikapiga ukelele mtaa mzima ukasimama, na mwanamume mmoja aliyekuwa mbele kabisa akaacha nafasi yake (sukari ile, jamani, nafasi ya mbele!) akanifuata kuniuliza kama naweza kuurudia ukelele ule. Huyo ndiye Bwana Mhina, amerudi masomoni ng'ambo, anafanya kazi kwenye ofisi moja kule Posta iliyokuwa ikitengeneza picha za kufundisha watu kuchemsha maji na kuchimba vyoo, na alikuwa amechoka na vyoo, anataka kutengeneza picha ya kutisha, ya mzuka wa bibi harusi anayerudi kumdai mumewe. Bibi harusi nikawa mimi.

Baba alifikiri siku kadhaa, kisha akaniita barazani.

"Kazi ni kazi," akasema. "Ila mimi hapa Kariakoo nina jina, na sina mwingine wa kulibeba ila wewe. Siku utakayonitia aibu mtaani, ndiyo mwisho. Utarudi hapa tushone vifungo."

Nikaapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Na kweli tulipoanza kupiga picha nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilipakwa poda uso mzima, nikachorwa weusi chini ya macho, natokeza nyuma ya mlango wenzangu wanaruka hata kama walikuwa wanajua nipo. Usiku nilikuwa nalala nacheka peke yangu. Nilikuwa tayari kufanya lolote ili nisirudi kwenye vifungo.

Sasa ikafika siku ya mazishi ya bibi harusi. Bwana Mhina alitaka watu wa kweli, mitaa ya kweli, na akasema watu wakiona kamera watasimama kuishangaa, kwa hiyo kamera akaificha juu ghorofani Mchafukoge, jirani na Kariakoo, kwenye roshani ya rafiki yake. Chini walikuwepo wenzetu wanne tu na jeneza, ambalo seremala alitutengenezea jipya, la Kiislamu lisilo na kifuniko, na shuka la kijani tu juu yake. Watoke hapo chini, watembee kidogo, wakate kona ya kwanza kuingia uchochoroni ambako gari la ofisi lilikuwa linangoja. Basi. Kazi ya dakika chache.

Mimi sikuhitajika. Nawaambia mjue, sikuhitajika kabisa, ndani ya jeneza yalikuwa yawekwe magogo ya migomba. Lakini walipojaribu nikaona magogo yanabingirika, nikasema (kiherehere changu hiki hiki mnachokijua), "Kwani mimi nina kazi gani? Mwenye mazishi ni mimi, nitaingia mwenyewe." Bwana Mhina akafurahi. Nikavikwa sanda, nikapakwa poda, nikatiwa pamba puani, nikaambiwa nisitikisike mpaka nisikie sauti yake. Nikalala. Nikainuliwa.

Kosa lilikuwa hivi. Kati ya wale wabebaji wanne aliyejua mambo ya mitaa ile hakuwepo hata mmoja, na kiongozi wao ni Elias, mtoto wa Moshi, Mkristo safi, aliyeigiza mume wangu. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi mwenyewe, kwamba Kariakoo jeneza halipiti hivi hivi. Likipita, mwenye duka anaacha mizani, anayekunywa kahawa anaweka kikombe chini, kila mwanamume anakuja kutia bega japo hatua chache apate thawabu zake, anapokea huyu anampa yule, hata kama hajui maiti ni ya nani.

Hatukufika hata kwenye kona. Nikasikia viatu vinakuja mbio, sauti nyingi zinamtaja Mwenyezi Mungu, na jeneza likaanza kwenda kwa kasi nyingine kabisa.

"Hapana, jamani, ni wetu!" Nikamsikia Elias analia, maana maskini alifikiri tumeporwa. "Niachieni! Ni wangu!"

"Jikaze, ndugu yangu," mtu akamwambia kwa huruma. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Hamjui! Turudisheni!"

"Ni mumewe huyo," mwingine akasema. "Mshikeni, mpeni maji." Wakamshika, wakamkalisha kwenye ngazi ya duka wakampepea, wenzake watatu wakasukumwa nyuma ya umati, na ile kona ya uchochoroni tukaipita, tukaelekea Kariakoo penyewe.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Nilisemaje? Maiti anafungua mdomo aseme nini, samahanini nishusheni hapo mbele? Mwanzoni nilikuwa namngoja Bwana Mhina, halafu nikaanza kusikia bei za vitunguu na mlio wa mashine ya kusaga nikajua tumeshaingia sokoni, na hapo nikaogopa kweli, kwa sababu nilijua baada ya soko inafuata mitaa gani na nani amekaa barazani. Nikajisemea, nyamaza Zuhura, likipita salama hapo kwa baba utajitokeza mbali huko mbele.

Likafika. Nikasikia cherehani inasimama.

"Nipisheni, na mimi nipate fungu langu."

Sauti niliijua, lakini hata asingesema ningejua, kwa sababu baba mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo tangu utotoni, na pembe moja ya jeneza ikaanza kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka. Mwendo ule nimeulalia mabegani kwake miaka yote ya udogo wangu, nikirudishwa nyumbani nimesinzia. Nikafumba macho.

"Mtoto wa nani huyu?" baba akauliza.

"Hata hatujui, mzee. Wanasema ni binti mdogo tu, kaacha mume."

"Masikini." Tukaenda kidogo, pembe inainama, inainuka. "Mungu awape subira wazazi wake. Wa kwangu ni umri huo huo. Yuko kazini huko Posta, leo ametoka na kipande cha muhogo tu, nikamwambia ongeza, hakusikia."

Jamani, ningevumilia joto, ningevumilia pamba, lakini ule muhogo ulinishinda. Nikaanza kulia. Nikajiuma mdomo, kikatoka kile kilio cha ndani kwa ndani ambacho ukikizuia ndiyo kinatoka na mluzi.

"Nani analia?" mtu akauliza.

"Si mfiwa huyo."

"Mfiwa tumemwacha Mchafukoge!"

Wakanyamaza wote kusikiliza. Na mimi, ujinga wangu, nikapenga kamasi.

Sijaona watu wakikimbia vile, na hapo nilikuwa bado nimefunikwa, nilisikia tu. Makapu ya nyanya yakapinduka, milango ya maduka ikabamizwa, mtu akataja jina la mama yake. Mabega matatu yakaondoka na bega moja likabaki, maana baba hakuwa mtu wa kukimbia na mguu ule, na baadaye alisema hata angekuwa na miguu minne asingekimbia, maiti haangushwi. Jeneza likalala upande, shuka likafunguka, nikateleza mpaka vumbini, nikakaa kitako mbele ya baba yangu na sanda yangu, uso mweupe, pamba moja ipo puani na nyingine imeanguka.

Tukatazamana. Na katika maneno yote ya lugha hii, kilichonitoka ni mazoea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akaitikia, naye kwa mazoea. Kisha akakaa chini vumbini, akanishika shavu kwa kidole, akaitazama poda iliyobaki kidoleni.

Watu wakaanza kurudi. Huyu ana fimbo, huyu ana mchi, muuza vitunguu ana jiwe la mizani. Wapo waliosema mzuka, wapo waliosema mchawi, na wengine walishaelewa kwamba wamechezewa kwenye jambo lisilochezewa, na hao ndio walionitisha, kwa sababu walikuwa na haki. Nikamwona baba anainuka. Akavua koti lake, akanifunika mabega juu ya sanda, akasimama mbele yangu.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Yuko kazini."

Muuza vitunguu akashusha jiwe lake.

"Waliomtuma watakuja kuwaomba radhi wenyewe. Mimi nawaomba yangu sasa hivi. Lakini fimbo hiyo, kijana, iweke chini, mtoto hajafa, tushukuru."

Hilo neno la mwisho nafikiri ndilo lililotuokoa, maana wanaume wale wote walikuwa na mabinti. Bwana Mhina akatokea akihema, na nyuma yake Elias bado ana kikombe cha maji cha watu, wakaomba radhi pale, na siku zilizofuata wakapelekwa kwa wazee wa mtaa kuomba tena, na ilikuwa haki.

Asubuhi yake nikamkuta barazani na sanduku la vifungo mbele yake, nikajua yamekwisha. Nikakaa, nikachukua sindano, nikanyoosha mkono kwenye sanduku. Akalifunga.

"Aibu niliyokuambia, nimeipata," akasema. "Watoto wameshanipitia hapa wananiuliza niliitikiaje shikamoo ya maiti. Nitaizoea. Lakini jana nimesema Mungu awape subira wazazi wake, kumbe najiombea mwenyewe, na mkono wangu uko kwenye jeneza lako." Akafuta miwani kwa muda mrefu. "Nenda kazini. Ila usife tena. Wape wengine wafe, wewe usife."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo ilimtesa sana Bwana Mhina ("Mzuka gani asiyekufa kwanza?" alikuwa ananiuliza), mpaka akanigeuza, nikawa yule anayemwona mzuka na kupiga ukelele, na ukelele ndio ulionipa jina, watu walikuwa wanalipa kiingilio kuja kuusikia tu. Miaka yote ya kazi yangu wenzangu walizama, walinyongwa, walinyonywa damu. Mimi nilifika mwisho wa kila picha nikiwa hai. Ile ya kwanza, ambamo Bwana Mhina aliurudia mkasa ule kwa waigizaji, baba alikuja kuitazama amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na ilipofika pale watu wanapotawanyika akamgusa jirani yake akamwambia, "Unamwona huyo aliyebaki? Ni mimi."

Amekufa mzee wangu, akiwa amekula chumvi nyingi. Wakamtoa barazani hapo hapo Sikukuu, na sisi wanawake tumesimama mlangoni kama ilivyo desturi, makaburini hatuendi. Wanaume wakaja mbio kutoka madukani, akapokea huyu akampa yule, Elias naye akiwemo, siku hiyo anajua namna ya kupokezana. Nikalitazama jeneza linavyokwenda limenyooka, pembe zote sawasawa, hakuna inayoinama. Yeye alinibeba mimi na mguu wake ule, mimi kumbeba sikuweza.

Nikajikuta nimesema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Shikamoo, baba."

Nikangoja. Halafu mama mmoja jirani akanishika mkono akaniambia niingie ndani, jua ni kali.