Fundi Bomba wa Kilwa na Barabara Inayovuja

Nichekeni, lakini kwanza mnisikilize. Mimi ni fundi bomba, Kilwa Masoko nzima inanijua. Majuzi nilikwenda Japani kumtembelea mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa huko kwenye kimji cha theluji. Asubuhi ya kwanza nikakuta katikati ya barabara vitundu vimejipanga, vinarusha maji. Nikasikitika: nchi tajiri hivi, bomba limepasuka na watu wanapita tu. Nikachana nusu ya kikoi changu cha njano, nikaviziba vyote kifundi kabisa. Nusu iliyobaki nikajifunga shingoni kwa baridi.

Kufikia adhuhuri mtaa wetu peke yake ulikuwa umejaa theluji, na gari la taka limekwama. Majirani wakatoka na makoleo. Nami nikachukua langu, nikiilaumu serikali yao.

“Kaka, maji yale ndiyo huyeyusha theluji,” Zuhura akaninong'oneza. “Nani kayaziba?”

“Watoto hao.”

Mzee wa nyumba ya pili akainama, akavuta kitambaa cha njano kwenye tundu. Akakitazama, kisha akaitazama shingo yangu.

Kijapani sikijui. Nikamwamkia shikamoo.