Kuku Wangu na Makarani wa Mzungu

Mwanamume akianza habari za kufuga kuku, jua kazi ni ya mkewe. Mume wangu alikuwa seremala katika shamba la mzungu, nje kidogo ya Eldoret, mji ambao siku hizo wengi wetu tuliuita Sisibo. Siku moja alienda kutengeneza banda la kuku la memsahibu, akarudi nyumbani na wazimu. Tufuge kuku wa nyama, alisema, kuku wa maana, si hawa wako wanaokimbia kama wamemwona askari.

Hao "wako" nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Walikuwa tetea wawili tu, wakasafiri nami kutoka Magharibi ndani ya kikapu, nao wakazaana. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha mume wangu, hata kigoda nilichokalia nikipika. Kuku ndio waliokuwa wangu.

Kwanza alileta majogoo weupe wa ile aina ya mayai, ambao memsahibu hakuwa na haja nao. Walikula posho yetu kama waliolima wao, na walipochinjwa tulipata mifupa na manyoya. Kisha akaleta wekundu. Hao walikuwa na mwili, sikatai, lakini ujinga wao ulikuwa haujapata kutokea. Mvua ya mawe ikianza, kuku wangu walikuwa wameshajificha chini ya ghala kitambo. Wale wekundu walisimama uwanjani wakishangaa mbingu, mpaka nitoke na gunia kichwani niwabebe mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa mlangoni akipiga kelele nisiwavunje miguu.

Mwisho walikuja weupe wakubwa wenye kola nyeusi shingoni. Hao niliwaita makarani, kwa kuwa walitembea hivyo hivyo, kifua mbele na kazi hakuna. Hata kuatamia waliona ni kazi ya watu wengine. Mayai yao niliwawekea kuku wangu. Na bado nilisikia wakisifiwa asubuhi na jioni.

"Mama watoto," mume wangu akaniambia, "banda ni moja na posho ni ile ile. Hatuwezi kulisha kabila tatu. Tuchague moja, hizo zingine tuchinje."

Sikuhitaji kuuliza zingine ni zipi.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba aliniuliza maoni. Nyama gani tamu, wewe unaonaje? Mimi! Kwetu mwanamke hakula kuku. Kanisani tulifundishwa kwamba hakuna chakula najisi, tukaitika amina, tukarudi nyumbani kula mboga. Siku nilipoletwa kwao, mama mkwe alisema mbele ya wazee wote kwamba kuku ni mwiko kwangu. Basi nikaushika mwiko kwa namna zote mbili: nilikoroga mchuzi kwa mwiko, nikauosha bila kuulamba. Chumvi nilikadiria kwa macho. Ikizidi, nilikaripiwa, kana kwamba nilikuwa nimeonja nikanyamaza kwa ubaya.

Akaamua mashindano. Jumapili moja, baada ya ibada, aliwaalika wenzake wawili wa karakana. Mama mkwe naye alikuwa amekuja kututembelea. Nilichinjiwa mwekundu, karani na tetea wangu mmoja, nikapika kila mmoja na sufuria yake, macho yakiniwasha kwa moshi wa kuni mbichi. Nilipotoka kutafuta kuni kavu, mama mkwe alibaki akinilindia sufuria. Tetea wangu alikuwa mgumu, akachelewa kuiva, na hilo nalo likahesabiwa kuwa kosa langu.

Wanaume walikula. Walikula kwa muda mrefu, wakibishana na midomo imejaa.

"Hii ya kola iko na nyama mingi," mmoja akasema. "Ona paja hiyo."

"Basi imeisha," mume wangu akasema, akipangusa mdomo. "Hizo za mama watoto tutachinja pole pole mpaka ziishe."

Nilikuwa nimesimama pale na birika la maji ya kunawa. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini? Asiyeonja hana hoja.

Mama mkwe alinipita, akaweka karai mezani kwa kishindo.

"Nyinyi mnakula na macho," akawaambia. "Hiyo ya kola supu yake ni maji tu. Hiyo nyekundu kifua imekauka kama kuni. Kuku ni hii ya bibi yako. Hata shingo yake iko na utamu."

Mume wangu akacheka. "Mama, na wewe umejuaje?"

"Pua yangu si imeniambia?"

Wakacheka wote, lakini neno la mama halirudishwi. Mume wangu akasema sawa, basi, kuku ya bibi ibaki, hizo zingine ndio tuchinje. Nikarudi jikoni kwa furaha, nikaanza kuosha sufuria.

Mama mkwe alinifuata, akaketi kando ya moto.

"Mama," nikamwambia, "pua yako ni kali. Mpaka shingo?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza.

"Hiyo miaka yote, nani alikuwa anampikia baba yao?"

Nilisimama na sufuria mkononi. Hasira ilinipanda polepole, kuanzia miguuni. Nilihesabu Krismasi zote, wageni wote, kila paja nililolipakua mate yakinijaa mdomoni.

"Lakini Mama, ni wewe ulinikataza!"

"Nilikukataza mbele ya wanaume," akasema, akisukuma kuni ndani. "Kwani jikoni nilikukataza saa ngapi?"